Fundisheni Mkono Unaoshika Kijiko

Katika hospitali na vituo vya afya vya Uvira, mashariki mwa Kongo, kuanzia mpakani Kavimvira hadi bandarini Kalundu, mgonjwa kwa kawaida hali chakula cha hospitali. Anakula kilicholetwa na ndugu zake, na anayemlisha ni yule tunayemwita gardimaladi: mke, binti, shemeji, pengine mtoto wa shule aliyekatizwa masomo ili alale kando ya kitanda cha bibi yake. Muuguzi anatundika serumu, anagawa dawa, anaandika joto la mwili kwenye fishi, kisha anakwenda kwa mgonjwa mwingine. Kijiko kinabaki kwa ndugu. Ninachotetea hapa kinaanzia kwenye jambo hilo. Kama tunataka watu wenye shida ya kumeza wasife kwa nimonia, kwa kukaukiwa maji na kwa njaa, basi mafunzo yamfikie anayeshika kijiko, yatolewe kwa vitendo kando ya kitanda, na aliyefundisha arudi kutazama kama yanafuatwa.

Kumeza kunaonekana jambo dogo kwa sababu mwenye afya halifikirii. Ulimi unakusanya tonge na kulisukuma nyuma, koromeo linapanda, njia ya hewa inajifunga, pumzi inasimama kidogo, na chakula kinateremka tumboni. Kiharusi kikipiga, mpangilio huo unavurugika: ulimi unachelewa, shavu moja linabaki na chakula, njia ya hewa inafungwa baada ya maji kuwa yamekwisha kupita. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kwa mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson au aliyepoteza kumbukumbu, na kwa aliyeumia kichwa katika ajali ya pikipiki. Wengi wao hukohoa, na kikohozi humwonya mlishaji. Wako wengine ambao hawakohoi kabisa. Maji yanaingia mapafuni kimya, na baada ya siku chache nyumba nzima inashangaa homa imetoka wapi.

Tusidhani wagonjwa hawa ni wachache. Mwaka 2005 Rosemary Martino na wenzake walikusanya tafiti zilizokuwa zimefanywa juu ya kiharusi na kumeza. Wagonjwa walipotazamwa kijuujuu, karibu wanne kati ya kumi walionekana na shida. Walipopimwa kitandani kwa uangalifu, wakawa zaidi ya nusu. Walipopimwa kwa mashine, idadi ilifika asilimia 64 hadi 78. Hatari ya nimonia kwa wenye shida hiyo ilikuwa kama mara tatu ya wengine. Nasi hatuishi mbali na kiharusi. Utafiti uliofanyika Tanzania, wilayani Hai na jijini Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2003, ulionyesha kwamba kiharusi kinawapata watu wa Dar es Salaam kwa kiwango kikubwa kuliko kilichozoeleka katika nchi tajiri, umri ukisawazishwa, na shinikizo la damu lisilotibiwa lina sehemu kubwa katika balaa hilo. Kwetu watu huita ugonjwa huo wa shinikizo tansioni, na wengi huutambua siku mkono na mguu vinapolegea.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ya wote ulitoka Marekani mwaka 1998. Susan Langmore na wenzake waliwafuatilia wazee 189, wengine hadi miaka minne, ili kujua nani hupata nimonia ya chakula au mate kuingia mapafuni. Wengi wangetarajia jibu liwe: yule ambaye koo lake limeharibika zaidi. Koo lilikuwa na sehemu yake, lakini peke yake halikutosha kuleta ugonjwa. Dalili iliyotabiri nimonia kwa nguvu kuliko nyingine ilikuwa mzee kulishwa na mtu mwingine. Zikafuatana na hiyo kutegemea mtu mwingine kusafishwa kinywa, na meno yaliyooza. Matokeo hayo yanatuhusu moja kwa moja. Anayelishwa hachagui ukubwa wa kijiko, hachagui mwendo, hachagui kama atakaa au atalala, wala hawezi kusema ngoja. Mambo hayo yote yako mikononi mwa mlishaji, na kwa kuwa yako mikononi mwake, yanaweza kufundishwa.

Je, mafunzo yanabadilisha kitu kweli? Australia, katika jimbo la New South Wales, vitengo 19 vya kiharusi vilishiriki katika jaribio lililochapishwa mwaka 2011. Wauguzi wa upande mmoja walifundishwa kusimamia mambo matatu kwa utaratibu maalumu: homa, sukari ya damu na kupima kumeza mapema. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki wategemezi walikuwa asilimia 42 upande uliofundishwa na asilimia 58 upande wa pili. Ni haki kusema kwamba hatuwezi kuipa kazi ya kumeza sifa yote, maana mambo matatu yalikwenda pamoja. Hata hivyo hakukuwa na dawa mpya wala mashine mpya. Wauguzi walewale walipewa utaratibu na kufuatiliwa. Jaribio jingine liko karibu zaidi na hali yetu. Mjini Dhaka, Bangladesh, walezi 37 wa watoto wenye mtindio wa ubongo walipewa mafunzo ya bei nafuu juu ya kulisha, na matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Vipindi vinne tu vilitosha kuonyesha nafuu katika kifua cha watoto, katika utulivu wao wakati wa kula, na katika msongo wa akina mama wenyewe. Uzito wa watoto haukupanda kwa wote, kwa sababu umaskini ulibaki palepale, na mwalimu asiahidi asichoweza kukileta. Lakini mtoto anayepumua vizuri na mama asiyeogopa saa ya chakula ni faida kubwa.

Sasa niseme yafundishwe nini, kwa sababu semina nyingi huharibika hapa: zinajaa michoro ya koo, na mtu anarudi nyumbani hajui aweke mto wapi. La kwanza ni mkao. Mgonjwa akae wima, makalio yamerudi nyuma kabisa, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga kitu, kichwa sawa na kidevu kimeinama kidogo. Asiyeweza kukaa mwenyewe aegemezwe kwa mito au vitenge vilivyokunjwa, hasa upande uliolegea. Mlishaji naye akae, macho yake yalingane na ya mgonjwa, kwa sababu akilisha amesimama mgonjwa atainua uso kumtazama, na kichwa kikienda nyuma njia ya hewa inabaki wazi. Kosa hili ndilo linalowapata zaidi watoto. Mtoto analazwa magotini, kichwa kinaning'inia, uji unamiminwa, na wakati mwingine pua inabanwa ili ameze. Mama anayefanya hivyo anataka mwanawe aishi. Mwalimu amwambie kwa upole na bila kuzunguka kwamba uji huo unaingia mapafuni.

La pili ni mwendo, na hili linahitaji subira kuliko akili. Mgonjwa awe macho kabisa; anayesinzia asilishwe, hata kama chakula kimepoa na saa ya kufunga mlango wa wodi imefika. Kijiko kiwe kidogo, nusu kijiko cha chai kwa kuanzia. Mlishaji atazame koo: kikoromeo kinapanda na kushuka ndipo kijiko kingine kifuate. Akiona kimya, angoje. Kila baada ya vijiko vichache amwombe mgonjwa aseme "aa". Sauti ikitoka na mlio wa majimaji, kuna kitu kimebaki juu ya njia ya hewa. Amwache akohoe, ameze tena pasipo chakula, kisha waendelee au waache. Mwisho wa mlo afungue kinywa na kuangalia ndani ya shavu lililolegea, kwa maana tonge linaweza kukaa humo hadi usiku na kumpalia mgonjwa usingizini. Baada ya kula mgonjwa abaki amekaa kwa muda wa nusu saa. Mlo unaovuka dakika 30 mara kwa mara, uzito unaopungua, homa zinazorudi, machozi au kamasi zinazotoka kila anapokunywa, hizo ni habari za kupeleka kwa muuguzi siku ileile.

Chakula chetu nacho kinataka maneno yake. Bugali wa muhogo unavutika na kunata, na wengi wetu tumezoea kuumeza bila kutafuna. Kwa ulimi dhaifu ni chakula cha hatari. Ndagala wana vichwa na miiba, mukeke wa kuchoma ana mifupa myembamba, mchele mkavu unatawanyika kinywani, na supu yenye vipande inamtaka mtu ameze maji huku akitafuna, kazi mbili kwa wakati mmoja. Hata hivyo shamba na soko la Uvira vina kila kitu cha kumlisha mgonjwa vizuri: viazi vitamu vilivyopondwa na mafuta ya mawese, maharagi yaliyopikwa hadi kulainika na kuchujwa maganda, parachichi, papai na ndizi mbivu, sombe iliyotwangwa sana isiyoachia maji, ndagala waliosagwa wakawa unga na kuchanganywa ndani ya chakula, uji wa masoso uliopikwa mzito. Kipimo ni rahisi. Chakula laini kikiwekwa kwenye kijiko kishike umbo lake, na kijiko kikipinduliwa kidondoke chote pamoja bila kugandamana. Bugali hushindwa mtihani huo papo hapo. Kwa uji na vinywaji, utaratibu wa kimataifa uitwao IDDSI, wenye viwango kuanzia 0 hadi 7, unatumia seringi ya mililita 10: unaijaza, unaachia tundu kwa sekunde 10, kisha unasoma kilichobaki. Kikibaki chini ya mililita 1, kinywaji ni chepesi kama maji. Kikibaki kati ya 4 na 8, ni kizito kiasi. Seringi za urefu tofauti hutoa majibu tofauti, kwa hiyo kituo kichague aina moja na kuishikilia.

Hapo kuna kosa ambalo mafunzo yenyewe yanaweza kulileta. Mtu akishajua kwamba maji mepesi hupalia, anakimbilia kuyafanya mazito yote. Mwaka 2008 Wamarekani walichapisha jaribio la wagonjwa 515 wenye Parkinson au waliopoteza kumbukumbu. Vinywaji vizito havikuzuia nimonia kwa tofauti iliyo wazi kuliko kunywa maji ya kawaida huku kidevu kimeinamishwa, na waliopewa vizito walikaukiwa maji zaidi. Sasa fikirini mji ambao kipindupindu hakitoki, mji ambao mafuriko ya Aprili 2020 yalibomoa nyumba na mabomba ya maji. Mgonjwa aliyekwisha kunyimwa maji ya kutosha akipata kuhara, hana akiba ya kumsaidia kuvuka siku moja. Kwa hiyo kinywaji kizito kitolewe kwa aliyepimwa na kuonekana kinamsaidia, kiasi anachokunywa kwa siku kihesabiwe kwa vikombe, na maji yake yachemshwe kila mara. Serumu ya kuhara, ile ya chumvi na sukari, isizuiliwe kwa hofu ya koo. Itolewe kijiko kwa kijiko, mgonjwa amekaa.

Kinywa kisafishwe. Ningeweza kuandika makala nzima juu ya hilo, kwa sababu ndilo jambo la bei nafuu kuliko yote na ndilo linaloachwa kuliko yote. Japani, katika nyumba 11 za wazee, watafiti waliwagawa wakazi katika makundi mawili kwa miaka 2. Waliosafishwa meno na ulimi kila baada ya mlo walipata nimonia asilimia 11, wasiofanyiwa hivyo asilimia 19. Mate hutiririka usiku hata kwa asiyekula chochote, na yakiwa machafu yanabeba vijidudu hadi mapafuni. Hii ndiyo sababu mrija wa puani, ule wauguzi wanaouita sonda, hauondoi hatari. Mwenye sonda anahitaji kuinuliwa kichwa na kusafishwa kinywa kama mwingine, pengine zaidi. Mswaki laini, kitambaa safi kilicholowekwa maji yaliyochemshwa, mkono ulionawa kwa sabuni: vitu hivi vinapatikana Kavimvira nzima.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia litatoka kwa madaktari: kazi hii ni ya mtaalamu, na ndugu aliyefundishwa nusu ni hatari kuliko asiyejua. Ninaheshimu hofu hiyo. Lakini Chuo Kikuu cha Makerere, nchini Uganda, kilianza kufundisha shahada ya tiba ya usemi na kumeza mwaka 2008, na hadi leo wataalamu hao ni wachache mno kwa ukanda mzima. Binti wa mgonjwa anamlisha mama yake leo mchana, amefundishwa au hajafundishwa. Kinachowezekana ni kuweka mipaka. Muuguzi wa daraja la A2 au A1 apime kumeza kwa kila mwenye kiharusi kabla ya chakula, kinywaji au kidonge cha kwanza: awe macho, aweze kukaa, apewe vijiko vichache vya maji, na akivimudu apewe mililita 90 anywe bila kusimama. Kikohozi, sauti ya majimaji au kushindwa kumaliza maana yake ni kusubiri, kupima tena na kumwita daktari. Ndugu haamui nani ale. Ndugu anafundishwa jinsi ya kumlisha aliyeruhusiwa na dalili za kuacha. Vidonge navyo visisagwe ovyo, kwa kuwa vingine vimetengenezwa kuyeyuka polepole. Aulizwe mtoa dawa.

Pingamizi la pili halisemwi mbele ya daktari. Familia inaamini mgonjwa amepewa karuho, yaani sumu ya siri, na lazima atapishwe, au mtoto anayekohoa na kukataa kula ana kilimi kinachopaswa kukatwa. Mwalimu anayecheka imani hizo anapoteza watu wote chumbani. Aseme anachokijua: dawa ya kutapisha ikipewa mtu ambaye koo lake halijifungi, matapishi yatakwenda mapafuni, na hilo linaweza kumuua siku hiyo; kumkata mtoto kilimi kunaleta damu na uchafu kwenye kidonda, na kunaacha ulimi na koo vikiwa dhaifu kama vilivyokuwa. Mzee wa familia akipata sababu iliyo wazi, mara nyingi ataahirisha safari ya kwa mganga, na kuahirisha kunatosha kuanza kumlisha mgonjwa vizuri.

Wengine watasema hatuna muda wala fedha. Wauguzi ni wachache, relé wa jamii, wale tunaowaita RECO, hufanya kazi kwa kujitolea, na vita vimewahamisha watu mara nyingi hata aliyefundishwa Januari hayupo Juni. Ndiyo maana napinga semina ya siku tatu hotelini. Dakika ishirini kando ya kitanda zinatosha kwa somo moja. Wanafunzi walishane wenyewe kwanza: mmoja afumbe macho alishwe haraka, kisha ainue kidevu ajaribu kumeza mate yake, ili aonje anachokipata mgonjwa. Halafu kila mmoja alishe mgonjwa huku mwalimu akitazama, na baada ya wiki mbili atazamwe tena. Aliyehamia Lusenda au aliyevuka mpaka kwenda Gatumba, Burundi, atakuwa ameondoka na ujuzi mikononi mwake, wala si karatasi iliyobaki kwenye kabati. Pia wote wajifunze kumwokoa aliyezibwa pumzi: mapigo matano kwa kiganja kati ya mabega, kisha kusukuma tumbo mara tano juu ya kitovu kwa kuelekea juu, kwa zamu, hadi kitu kitoke. Mtoto chini ya mwaka mmoja hasukumwi tumbo. Analazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, anapigwa mgongoni, kisha anageuzwa na kubonyezwa kifuani. Maji asipewe, wala vidole visitumbukizwe kooni bila kuona kitu.

Linabaki swali gumu kuliko yote: mzee anayejua hatari na bado anataka bugali wake. Sioni kwamba mafunzo yanatupa haki ya kumnyang'anya sahani. Akiwa na akili timamu, aelezwe, apewe tonge dogo lililolowekwa vizuri, amekaa wima, kinywa safi, na mlishaji aliyefundishwa karibu naye. Kumlazimisha ale asiyetaka, kwa sababu tu ndugu wanaogopa kusemwa na majirani kwamba wamemwacha na njaa, ni kosa lilelile kwa upande wa pili.

Kwa wakuu wa Zoni ya Afya ya Uvira na wakurugenzi wa hospitali na vituo vyake, ombi langu ni hili. Ongezeni mstari mmoja kwenye fishi ya kumpokea mgonjwa wa kiharusi: amepimwa kumeza, saa ngapi, na nani. Teueni muuguzi mmoja au fizioterapeuti mmoja kwa kila kituo awe mwalimu wa kulisha, mpunguzieni zamu ili apate muda wa kufundisha, na mpeni seringi, taa ya mkononi na mito miwili. Nanyi gardimaladi, mnapofika wodini na sufuria ya chakula, mwulizeni muuguzi kabla ya kijiko cha kwanza: mgonjwa wangu amepimwa kumeza? Asipokuwa amepimwa, ombeni apimwe kwanza.